Ushuru wa Dereva wa Tuktuk Malindi: Hesabu, Daftari na Mstari wa Milioni Moja

Chukua tuktuk mbili za steji moja karibu na soko la Malindi. Kila moja inaingiza nauli ya shilingi 3,300 kwa siku. Ya kwanza inaendeshwa na mwenyewe. Ya pili ina mwenyewe, na dereva humpelekea hesabu, yaani malipo ya kutwa ya kutumia chombo, shilingi 1,200 kila jioni. Barabara ni moja, abiria ni wale wale, lakini kwenye ushuru wa mapato hawa ni watu wawili tofauti. Njia inayomfaa mmoja inamuumiza mwenzake, na anayekosea njia anaweza kupoteza zaidi ya shilingi elfu ishirini kwa mwaka.

Sheria ya ushuru ya Kenya haina kifungu cha dereva wa tuktuk wala bodaboda. Inachokiona ni mtu aliyejiajiri. Mwajiriwa wa hoteli pale barabara ya Lamu hukatwa ushuru wake kabla mshahara haujamfikia. Dereva hana wa kumkatia. Anajiandikisha mwenyewe, anajihesabia mwenyewe, anapeleka ritani (fomu ya kutangaza mapato) mwenyewe, na mwaka wake wa ushuru unaanza 1 Januari na kuisha 31 Desemba.

Njia ziko mbili. Ya kwanza ni ushuru wa mauzo, unaojulikana zaidi kwa jina la TOT. Unamhusu mwenye biashara ambaye pesa zote zinazoingia kwa mwaka zinazidi shilingi 1,000,000 lakini hazipiti 25,000,000. Tangu 1 Julai 2023 kiwango chake ni 3%, na hiyo 3% inapigwa kwenye nauli yote, kabla ya kutoa mafuta, hesabu, tairi au kitu kingine chochote. Njia ya pili ni ushuru wa mwaka unaotozwa kwenye faida: unachukua nauli yote, unatoa gharama za kazi, kinachobaki ndicho kinachotozwa. Aliye chini ya milioni moja yuko kwenye njia hii ya pili moja kwa moja. Aliyepita milioni moja ameingia TOT, ila sheria inamruhusu kumwandikia Kamishna wa mamlaka ya ushuru ya Kenya, KRA, kwamba anachagua kubaki kwenye ushuru wa faida. Ruhusa hii ni kubwa na madereva wengi hawaijui.

Milioni moja inatisha masikioni, lakini igawanye. Ni shilingi 83,333 kwa mwezi. Kwa anayefanya kazi siku 26 kwa mwezi, ni kama 3,205 kwa siku. Malindi siku za kaskazi, Disemba hadi Machi, wageni wakijaa mjini na Watamu, kufika hapo si ajabu. Masika ya Aprili na Mei hoteli kadhaa hufunga na nauli huanguka. Kwa hiyo usijipime kwa mwezi mmoja mzuri wala mmoja mbaya. Jumlisha miezi kumi na miwili.

Hesabu ya ushuru wa faida

Kwa mtu binafsi, shilingi 288,000 za kwanza za faida ya mwaka zinatozwa 10%. Shilingi 100,000 zinazofuata zinatozwa 25%. Baada ya hapo ni 30%, na viwango vya juu zaidi vinaanza kwenye faida ya zaidi ya milioni sita, ambako tuktuk haifiki. Kisha kila mkazi anapunguziwa shilingi 28,800 kwa mwaka kutoka kwenye ushuru wenyewe. Asilimia 10 ya 288,000 ni 28,800 hiyo hiyo. Maana yake ni kwamba mwenye faida isiyozidi 288,000 kwa mwaka halipi ushuru wa mapato hata senti. Ritani, hata hivyo, lazima aipeleke.

Sasa mfano kamili. Dereva wa hesabu anaingiza 2,800 kwa siku, siku 312 kwa mwaka, jumla 873,600. Mafuta 800 kwa siku ni 249,600. Hesabu ya 1,000 kwa siku ni 312,000. Kuosha tuktuk na ada za steji na kaunti, tuseme 100 kwa siku, ni 31,200. Pancha na matengenezo madogo ya 2,000 kwa mwezi ni 24,000. Gharama zote ni 616,800 na faida ni 256,800. Asilimia 10 yake ni 25,680, punguzo la 28,800 linaimeza yote, ushuru ni sufuri.

Dereva huyo huyo, mwaka huo huo, hana daftari wala risiti. Afisa akiangalia taarifa yake ya M-Pesa na nauli zake anaona 873,600 zilizoingia, wala haoni ushahidi wa kilichotoka. Akitozwa kwenye kiasi chote, hesabu inakwenda hivi: 28,800 kwa fungu la kwanza, 25,000 kwa la pili, na 30% ya 485,600 zilizobaki, yaani 145,680. Jumla 199,480. Toa 28,800, zinabaki shilingi 170,680. Mtu asiyedaiwa chochote amegeuka mdaiwa wa zaidi ya nusu ya faida yake, kwa sababu ya karatasi tu. Katika habari yote ya ushuru wa dereva, hakuna jambo zito kuliko hili.

Turudi kwa wale wawili wa 3,300 kwa siku. Kwa siku 312 kila mmoja ameingiza 1,029,600, kwa hiyo wote wamevuka mstari. Kwa TOT kila mmoja atalipa 30,888 kwa mwaka.

Mwenye tuktuk yake akichagua ushuru wa faida, anatoa mafuta ya 900 kwa siku, 280,800. Bima, tuseme 30,000. Oili, tairi, breki na fundi, 72,000. Riba ya mkopo, 60,000. Kuosha na ada, 31,200. Kisha kuna uchakavu. Bei ya kununulia tuktuk haitolewi yote kwa mkupuo; sheria inaigawa kwa 25% kila mwaka kwa mafungu sawa, miaka minne. Tuktuk ya 480,000 inampa 120,000 kwa mwaka. Jumla ya gharama ni 594,000, faida ni 435,600, na ushuru baada ya punguzo ni 39,280. TOT ya 30,888 ni nafuu kwake. Mkopo ukiisha na miaka minne ya uchakavu ikipita, gharama zake zitapungua na TOT itazidi kuwa nafuu.

Mwenzake wa hesabu anatoa mafuta 280,800, hesabu 374,400, kuosha na ada 31,200, matengenezo madogo 24,000. Jumla 710,400. Faida ni 319,200, na ushuru baada ya punguzo ni 7,800 tu. Huyu akikaa kimya ndani ya TOT analipa 30,888, tena kwa pesa ambayo sehemu kubwa ilikwisha kuondoka mkononi mwake na kwenda kwa mwenye tuktuk. Huyu ndiye anayepaswa kuandika ile barua kwa Kamishna.

Kwa ufupi wa kikazi: kadiri gharama zako zinavyokula sehemu kubwa ya nauli, ndivyo ushuru wa faida unavyokufaa. Piga hesabu zote mbili kila Januari, kwa sababu bei ya petroli ikibadilika na jibu linaweza kubadilika.

Daftari na risiti

Daftari la shule la kurasa 96 linatosha mwaka. Mstari mmoja kwa siku, kwa mfano: Jumanne 14, kilomita 41,208 hadi 41,331, taslimu 1,950, simu 1,100, mafuta 850, hesabu 1,000, pancha 150. Kuandika ni dakika mbili kabla ya kuzima injini. Kilomita zisiachwe, kwa sababu ndizo zinazotetea mafuta. Siku ya kilomita 123 yenye petroli ya 850 inaeleweka. Siku ya kilomita 40 yenye petroli ya 850 itaulizwa, na jibu lake linapaswa kuwepo: ulijaza tangi la kesho, au tuktuk ilitumika kwa shughuli za nyumbani. Kilomita za kupeleka watoto chuoni au kwenda mazikoni Ganda si za biashara, na mafuta yake hayaingii kwenye gharama.

Nauli ni kila kinachoingia kwa ajili ya kazi. Mgeni akikukodi kutwa kwenda magofu ya Gede kisha korongo la Nyari kule Marafa, bei mliyopatana ni mapato na bakshishi aliyokupa ni mapato. Akilipa kwa yuro, kama ilivyo kawaida ya wageni wa Kiitaliano hapa mjini, andika kiasi kwa shilingi kwa bei ya siku hiyo, si ya siku utakayobadilisha.

Tenga laini ya simu ya kazi, au tumia Pochi la Biashara. Shemeji akikutumia 15,000 za arusi kwenye laini ile ile unayopokelea nauli, taarifa ya M-Pesa itazionyesha pamoja na nauli, na mzigo wa kueleza ni wako.

Upande wa gharama, daftari peke yake halitoshi tena. Tangu 1 Januari 2024 gharama ya biashara inakubaliwa ikiwa ina ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA. Hili linabadilisha tabia kadhaa. Kwenye kituo cha mafuta, taja PIN yako ya KRA, yaani namba yako ya mlipa ushuru, kabla mhudumu hajachapisha risiti. Ikishatoka bila PIN ni kazi kuirekebisha. Ipige picha siku hiyo hiyo, kwa sababu karatasi ile hufifia ikiachwa kwenye dashibodi juani, na baada ya miezi miwili unashika karatasi nyeupe. Petroli ya chupa kando ya barabara haina risiti, kwa hiyo kwenye ushuru ni kama hukuinunua. Kumbukumbu zote zinapaswa kuhifadhiwa miaka mitano.

Fundi wa gereji ya mtaani naye anaweza kutoa ankara kwa simu ya kawaida kupitia *222#, bila kompyuta. Mafundi wengi wanakataa wakidhani watafuatwa. Tangu mabadiliko ya sheria ya Disemba 2024, mnunuzi anaweza kutoa ankara kwa niaba ya mwuzaji mdogo ambaye mauzo yake hayazidi milioni tano kwa mwaka, na njia hii ndiyo ya kutumia kwa fundi wa namna hiyo.

Palipo pagumu zaidi ni kwenye hesabu yenyewe. Ile 1,000 ya jioni ni gharama kwa dereva na ni mapato kwa mwenye tuktuk. Dereva akitaka kuitoa, mwenye tuktuk lazima atoe ankara, na akitoa ankara amekiri mapato yake. Wengine hukataa. Ni haki ya dereva kulizungumza hili mapema, siku ya kukabidhiwa ufunguo, maana baada ya mwaka halina nguvu. Si lazima ankara ya kila siku. Moja ya mwisho wa mwezi kwa jumla ya mwezi inatosha. Lipa kwa simu, na uandike namba ya usajili ya tuktuk kwenye daftari kila unapolipa. Uchakavu na riba ya benki havidai ankara ya eTIMS. Bima na vipuri vinadai.

Kuhusu mkopo, kuna kosa linalojirudia. Malipo ya kila siku ya mkopo wa tuktuk au pikipiki yana vitu viwili ndani yake, mtaji na riba. Riba ni gharama. Mtaji si gharama, kwa sababu bei ya chombo tayari unaipata kupitia uchakavu. Omba kampuni ya mkopo taarifa inayotenganisha viwili hivyo. Akiba ya chama, chakula cha mchana, kodi ya nyumba na faini ya trafiki havitolewi.

Ukibeba abiria kupitia programu ya simu, mapato yako ni nauli nzima aliyolipa abiria, si kile kilichokufikia. Komisheni unaitoa kama gharama. Kanuni za mwaka 2022 zimeiwekea kikomo cha 18%. Na tangu 27 Disemba 2024 sheria inamtaka mwenye jukwaa la kidijitali kuzuia 5% ya malipo ya mkazi. Pesa hiyo si ya kupotea: inaonekana kwenye akaunti yako ya iTax, mfumo wa KRA wa mtandaoni, nawe unaidai kwenye ritani ipunguze ushuru wako.

Wenye teksi za gari dogo wana jambo la ziada ambalo sheria haikuwatajia wenye tuktuk, nalo ni ushuru wa kutanguliza, shilingi 5,000 kwa mwaka kwa gari la abiria wanne. Huo nao unahesabiwa kama sehemu ya ushuru wa mwaka.

Kwenye iTax

Fungua akaunti kwa PIN yako na uangalie kwanza wajibu uliosajiliwa. Hapa ndipo saiba huharibu. Kijana wa kompyuta anakuwekea VAT (ushuru wa thamani iliyoongezwa) au ushuru wa waajiriwa bila kukuuliza, na miezi inavyopita bila ritani za wajibu huo, adhabu zinajikusanya. Nauli ya abiria imesamehewa VAT, na hata ya kukodiwa kutwa haikufikishi huko mpaka mauzo yanayotozwa yafike milioni tano kwa mwaka. Kinachotakiwa kwa dereva ni ushuru wa mapato wa mtu binafsi mkazi, na TOT kama umevuka milioni moja na hukuchagua kujitoa.

Kosa la pili la saiba ni ritani ya sufuri. Ni ya haraka, wanakutoza kidogo, unapewa stakabadhi. Lakini ritani ya sufuri inasema hukuwa na mapato yoyote, na mwenye tuktuk barabarani ana mapato hata kama ushuru wake ni sufuri. Ni maelezo ya uongo kwa serikali. Dai ujaziwe fomu kamili, na pale inapouliza kama una mapato mengine zaidi ya ajira, jibu ni ndiyo. Ukijibu hapana, sehemu ya faida na hasara haifunguki, na biashara yako haina mahali pa kuandikwa. Ukimaliza kupakia fomu, hifadhi stakabadhi kwenye simu na barua pepe yako, si kwenye kompyuta ya saiba, na nywila iwe yako peke yako.

Ritani ya mwaka hupelekwa kufikia 30 Juni ya mwaka unaofuata, lakini ushuru wenyewe hulipwa kufikia 30 Aprili. Tarehe hizi mbili huchanganywa sana. Ushuru wa mwaka ukizidi 40,000, unalipwa kwa awamu nne: 20 Aprili, 20 Juni, 20 Septemba na 20 Disemba. TOT ni kila mwezi, ritani na malipo, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Mwezi wa Mei tuktuk ikiwa gereji na hukuingiza kitu, bado ritani ya Mei inapelekwa.

Kulipa, toa namba ya malipo ya PRN kwenye iTax, kisha lipa kwa M-Pesa kupitia paybill 222222 ukiweka PRN kama namba ya akaunti. Usimpe mtu taslimu akulipie.

Kuchelewesha ritani ya mwaka ni shilingi 2,000 au 5% ya ushuru, ile iliyo kubwa. Ritani ya TOT iliyochelewa ni 1,000 kwa kila mwezi uliokosa. Kuchelewa kulipa ni 5% ya deni, na riba ya 1% kila mwezi juu yake. Kwa dereva ambaye ushuru wake ni sufuri, miaka mitatu bila ritani ni shilingi 6,000 alizoweza kuziepuka kwa saa moja kila mwaka.

Bima ya afya ya jamii, SHIF, ni kitu kingine: 2.75% ya mapato, na kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi. Michango yake, sawa na ile ya nyumba za bei nafuu ya 1.5%, sasa inatolewa kabla ya kuhesabu ushuru wa mapato, kwa hiyo ingiza risiti zake kwenye ritani. Kibali na ada za Kaunti ya Kilifi si ushuru wa mapato na havichukui nafasi yake, ila ni gharama halali ya kazi.

Siku utakapouza tuktuk, hamisha umiliki kwenye mfumo wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, mara moja, usimwachie mnunuzi. Kisha peleka ritani ya TOT ya mwezi wa mwisho na uombe wajibu huo uondolewe. Usipofanya hivyo, chombo kimekwenda, lakini kwenye iTax bado wewe ni mfanyabiashara, na kila tarehe 20 inayopita inaongeza 1,000 nyingine.